Sabuni ya mafuta ya zeituni imekuwa kama chaki: nimekosea wapi?

Mkaazi wa Mutrah ameuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Muscat, na nyumbani kwetu sabuni ya kuogea tangu utoto wangu ni ile ya Nablus, mji wa Palestina, kile kipande cha mraba chenye rangi ya pembe ya ndovu, kilichofungwa katika karatasi na kisichotiwa manukato yoyote. Mwezi uliopita jirani yetu alituletea dumu la mafuta ya zeituni kutoka kwao, nikaona nijaribu kuitengeneza mwenyewe jikoni, kwa kuwa nilivyosoma ni kwamba viungo vyake ni vitatu tu: mafuta ya zeituni, maji na kostiki soda.

Kipimo nilikipata kwa mama mdogo aliyeko Tanga, ambaye hutengeneza sabuni ya kufulia kwa mafuta ya nazi na kuiuza mtaani kwake. Yeye hupima kila kitu kwa mizani, hata maji, na kipimo chake ni gramu 1000 za mafuta, gramu 174 za kostiki na gramu 350 za maji. Nilikifuata bila kuongeza wala kupunguza, ila mahali pa mafuta ya nazi nikatia ya zeituni. Kostiki niliiyeyusha katika maji nje barazani, nikaiacha ipoe, nikaimimina katika mafuta na kukoroga kwa mwiko kwa zaidi ya saa nzima mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, kisha nikaimimina katika kisanduku cha mbao nilichokitandika karatasi ya kuokea.

Siku ya pili niliikuta imekuwa ngumu mno, na nilipoikata kwa kisu ilipasuka na kumeguka pembeni kama chaki. Nilipata vipande 12. Wiki mbili baadaye nilinawa mikono kwa kimojawapo, na ngozi ikawasha baina ya vidole mpaka jioni. Vipande viwili nimeshavitupa. Kumi vimo katika kapu juu ya kabati. Je, mafuta yana kasoro, kostiki yangu ni mbovu, au ni mkono wangu tu? Na je, vilivyobaki vinaweza kuokolewa? Mafuta ya zeituni si bei rahisi, na roho inaniuma kuvitupa.

Fundi Sabuni amejibu:

Wa alaykum salaam, dada. Mafuta yako hayana kosa na kostiki yako ni nzima. Kama ingekuwa imekufa, ungepata sabuni laini inayoelea mafuta juu, wala usingepata chaki. Kosa lako ni moja, nalo ni la kila anayeanza: umebadilisha mafuta bila ya kubadilisha kostiki.

Kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki. Gramu moja ya mafuta ya nazi inahitaji takriban gramu 0.183 za kostiki ili igeuke sabuni yote, ilhali gramu moja ya mafuta ya zeituni inahitaji takriban gramu 0.135 tu. Sababu yake nitaieleza kwa mfano wa sokoni. Kilo moja ya dagaa ina vichwa vingi kuliko kilo moja ya nguru, ingawa mizani inasema sawa. Chembe za mafuta ya nazi nyingi ni fupi, kama dagaa. Za zeituni ni ndefu, kama nguru. Na kostiki hushika kila chembe kwa kichwa chake. Kwa hiyo mama yako mdogo hakukosea hata kidogo. Kilo yake ya nazi inahitaji gramu 183, naye huipunguza kwa asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki huru na yalinde mikono ya mfuaji, ndiyo anapata 174. Lakini kilo yako ya zeituni ilihitaji gramu 135 tu, ukaitia 174. Gramu 39 za kostiki hazikupata mafuta ya kushika, na hizo ndizo zilizokuwasha.

Vipande vyako vinaokoka. Gramu 174 za kostiki, zikiachiwa asilimia 5 ile ile ya mafuta huru, zinataka mafuta ya zeituni gramu 1357 hivi. Ulitia 1000, kwa hiyo zilipungua 357. Kwa kuwa vipande viwili kati ya 12 umeshavitupa, unaokoa sehemu kumi kwa kumi na mbili, na mafuta ya kuongeza ni gramu 300 kwa kukadiria. Vaa glavu na ufunike pua kwa kitambaa, uikune sabuni yote kwa kikunio cha karoti, uitie katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu pamoja na maji gramu 100 na hayo mafuta 300, kisha uiweke juu ya sufuria nyingine yenye maji yanayotokota taratibu. Funika, na koroga kila baada ya dakika kumi. Mwanzoni itakuwa mabonge mabonge yasiyopendeza, usikate tamaa. Baada ya saa moja na nusu au mbili mabonge yatalegea na kushikana, na rangi yake nyeupe itaanza kupenyeza mwanga kidogo, kama mafuta ya mgando ya kujipaka. Hapo ishindilie katika kisanduku kwa mwiko, ukibamiza kisanduku mezani ili hewa itoke.

Kuijua kama imepona, ikishapoa kabisa lowesha kidole, kisugue juu ya sabuni na ukiguse kidogo kwenye ncha ya ulimi. Ikiwa bado ina kostiki, itakurusha kama ulimi uliogusa betri. Ikiwa ni salama, utasikia ladha ya sabuni tu, nayo ni mbaya kwa namna yake lakini haichomi.

Jambo la sufuria nalikazia, maana hukusema ulitumia ipi. Sufuria ya alumini isikaribie kazi hii kabisa, kwa sababu kostiki huila na kutoa hewa ya haidrojeni inayowaka. Daima ni kostiki inayotiwa ndani ya maji, wala si maji juu ya kostiki, na maji yawe baridi, kwa kuwa joto lake hupanda lenyewe hadi nyuzi 80 au zaidi. Ikikurukia, ni maji mengi ya bomba kwa muda wa robo saa au zaidi. Wale wanaopaka siki juu ya ngozi iliyoungua wanaongeza maumivu tu, na jicho lililorukiwa ni la kuoshwa na kupelekwa hospitali papo hapo.

Kwa mara ijayo, kipimo cha zeituni tupu ni hiki: mafuta gramu 1000, kostiki gramu 128, maji gramu 230. Maji nimeyapunguza makusudi, kwa sababu sabuni ya zeituni hubaki laini siku nyingi, na maji yakizidi unaweza kungoja wiki nzima kabla ya kuikata.

Mkaazi wa Mutrah:

Allah akulipe kheri, Fundi. Mfano wa dagaa na nguru umenikaa kichwani kuliko maelezo yote niliyokwisha kusoma. Sufuria ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, alhamdulillahi, ila nilikuwa na bakuli la alumini pembeni ambalo nilinusurika kulitumia.

Nina maswali mawili zaidi. Kwanza, nimesikia kuwa sabuni ya zeituni tupu haitoi povu bali hutoa ute. Je, ni kweli, na ile ya Nablus inakwepaje jambo hilo? Pili, inachukua muda gani kabla ya kutumika?

Msafiri wa Sham amejibu:

Dada, mimi si fundi, lakini niliwahi kusoma Amman na nikapata bahati ya kuingia katika karakana moja ya Nablus, hivyo nitasimulia nililoliona, na mafundi watanisahihisha.

Pale sabuni haiachwi igeuke yenyewe kwenye kisanduku kama ulivyofanya wewe, hupikwa. Chini kuna pipa kubwa lililojengewa, nayo hutokota humo siku kadhaa huku ikikorogwa. Ikiiva hubebwa kwa ndoo hadi ghorofa ya juu, ambako sakafu yote ni ukumbi mtupu, na humwagwa hapo chini kama mtu anayemwaga zege jepesi. Ikishaganda, watu wawili huvuta uzi uliochovywa rangi kutoka ukuta huu hadi ule, huuinua katikati na kuuachia, nao hupiga mstari mwekundu ulionyooka. Baada ya mistari anakuja mtu wa muhuri, ambaye huchuchumaa na kugonga kila mraba kwa nyundo mbili zenye chapa, mkono huu na ule, kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Kisha ndipo hukatwa. Vipande hupangwa kwa duara katika minara mirefu iliyo wazi katikati, inayochongoka kuelekea darini, ambayo wenyewe huiita tananir, na kila kipande huachiwa nafasi ili hewa ipite. Nilisimama ndani ya mnara mmoja uliokuwa haujakamilika, na hakukuwa na harufu ya zeituni hata kidogo.

Ile ya Halab, yaani Aleppo ya Syria, ni ndugu yake lakini si pacha. Wao huongeza mafuta ya tunda la mti wa ghari (laurel), na ndiyo sababu ikikatwa huwa kijani kibichi ndani na rangi ya dhahabu iliyochujuka nje. Hupikwa miezi ya baridi na huachwa ikauke miezi sita hadi tisa. Ufundi wa miji yote miwili uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2024, kila mmoja kwa jina lake.

Mkiona sabuni ya Marseille iliyopigwa muhuri wa asilimia 72, msidhani kwamba ndicho kiasi cha mafuta ya zeituni. Namba hiyo ni ya asidi za mafuta zilizomo katika sabuni, na mafuta yenyewe yanaweza kuwa ya mawese au ya nazi. Nimeshawahi kudanganyika kwa hilo.

Fundi Sabuni:

Ahsante, Msafiri. Nami niongeze juu ya ute. Ni kweli, wala si kasoro. Sehemu kubwa ya mafuta ya zeituni ni asidi ya oleiki, na sabuni yake hutoa povu dogo na zito, tena ikiwa changa hunata vidoleni kama mlenda. Povu kubwa la haraka ni kazi ya nazi. Ukiuchukia ute sana, badilisha sehemu moja kwa kumi ya mafuta yako iwe ya nazi, lakini hapo hesabu ya kostiki huanza upya: gramu 900 kwa 0.135 ni 121.5, gramu 100 kwa 0.183 ni 18.3, jumla ni 139.8, na ukipunguza asilimia 5 unapata 133. Mimi binafsi naona ukitia nazi umetoka kwenye sabuni unayoitaka. Dawa ya ute ni subira na kuiweka sabuni mahali pakavu baina ya matumizi, maana ikikaa ndani ya maji, hata ya Nablus itateleza.

Kuhusu muda, baada ya wiki sita ni salama, baada ya miezi sita ni nzuri, na baada ya mwaka ndipo utajua kwa nini watu wanahangaika nayo. Usihesabu siku peke yake. Pima kipande kimoja kila wiki, uandike uzito wake, na maadamu bado kinapungua basi maji bado yanatoka. Kwa Muscat ninahofia unyevu wa miezi ya joto. Viweke katika chumba chenye kiyoyozi, katika kapu au juu ya rafu ya mbao, na visigusane. Tena usivifunge kwa plastiki kabla havijakauka, vitatoa jasho na mafuta yale huru yataanza kuoza na kutoa madoa ya rangi ya machungwa. Kostiki yenyewe nayo ifunge barabara, kwa sababu hufyonza unyevu na hewa ya ukaa, na polepole hugeuka kaboneti, ambayo haitengenezi sabuni.

Mkulima wa Kajiado amejibu:

Samahani kwa kuingilia. Mimi ninaishi si mbali na Ziwa Magadi, na magadi hapa si kitu cha kutafuta. Wazee wanasema watu wa zamani hawakuwa na kostiki ya dukani na bado walioga kwa sabuni. Je, mtu hawezi kutumia magadi badala ya kostiki, akapata sabuni ya asili zaidi?

Mwalimu wa Maabara amejibu:

Swali la ndugu wa Kajiado ni zuri, na jibu lake linarudi moja kwa moja Nablus. Magadi ni kaboneti ya sodiamu iliyochanganyika na baikaboneti na maji, na kwa hali hiyo haina nguvu ya kuyageuza mafuta ya zeituni kuwa sabuni jikoni; utachemsha kutwa na kucha, na mafuta yatabaki juu. Mafundi wa Nablus wa zamani nao hawakuwa na kostiki. Walichokuwa nacho ni majivu ya mimea ya jangwani yenye chumvichumvi, waliyoyaita qilw na ambayo Mabedui waliwaletea kutoka upande wa mashariki wa Mto Jordan, na majivu hayo pia kiini chake ni kaboneti ya sodiamu. Siri ilikuwa ni chokaa. Waliyasaga majivu, wakayachanganya na chokaa na kuyapitisha maji. Chokaa ikaichukua ile kaboneti, ikazama chini kama tope jeupe, na maji yaliyochujika yakawa ni kostiki hasa. Kwa maneno mengine, kostiki ya dukani si kitu cha kigeni kilichovamia sabuni ya asili. Ni kitu kile kile ambacho mababu walikipata kwa njia ndefu.

Kwa hesabu ya maabara, gramu 106 za kaboneti safi na gramu 74 za chokaa iliyozimwa hutoa gramu 80 za kostiki. Lakini tatizo limo katika neno hilo "safi". Magadi ya ziwani yana chumvi, udongo na baikaboneti kwa viwango ambavyo hutavijua kwa macho, na chokaa ya tanuri la matumbawe, hata ile nzuri ya pwani, hupungua nguvu kila siku inapokaa wazi. Dada yetu amezidisha gramu 39 tu katika kilo moja na amewashwa mpaka jioni. Wewe utakuwa hujui umezidisha ngapi. Watu husema ujaribu kwa yai, likielea maji yamefaa. Yai linapima uzito wa maji, halipimi kostiki, na maji ya chumvi tupu yangeliinua vivyo hivyo. Walioweza ni mafundi waliorithi kazi kwa baba zao, na waliokuwa wakipika kwa siku nyingi huku wakionja na kurekebisha. Wewe mwenye kilo moja ya mafuta ya thamani, nunua kostiki iliyoandikwa kiwango cha usafi wake, na uepuke dawa za kuzibulia mifereji, kwa kuwa nyingine zimetiwa chembe za alumini.

Majivu ya kuni ya jikoni ni jambo jingine: hayo yana potasiamu zaidi kuliko sodiamu, na sabuni yake huwa laini kama jeli, haigandi kuwa kipande.

Mkaazi wa Mutrah:

Nimerudi kuwapa habari, ndugu zangu, baada ya wiki tano. Nilifanya kama Fundi alivyoelekeza, kwa gramu 300 za mafuta, na ilichukua saa mbili na robo mpaka mabonge yaliposhikana. Jikoni kulinuka kama nguo zilizopigwa pasi zikiwa na unyevu, na mume wangu akauliza kama ninapika ugali wa kuosha vyombo. Sura yake si ya kuonyesha wageni, kwa kuwa imekwaruzika juu na ina vishimo vya hewa, lakini inakatika bila kumeguka, na ulimi haukurushwa. Nimenawia mara moja tu, kwa ncha iliyokatika: ute upo, kweli kama mlenda, na mikono haikuwasha.

Nilijaribu kuvipanga kwa mnara kama alivyoeleza Msafiri, paka akauangusha usiku wa kwanza, kwa hiyo sasa vimelala safu moja juu ya rafu. Kipande ninachokipima kilianza na gramu 131, na leo asubuhi kilikuwa na gramu 118. Bado kinapungua gramu mbili kila wiki, basi sijakigusa.